Joto la barafu laenda wapi? Mtambo ninaojenga ndani ya Luanti

Miezi mitatu sasa kila tukitoka isha nakaa dakani na laptopu yangu najenga kitu kimoja tu, mtambo wa barafu. Si friji ya jikoni, la, mtambo wa kiwanda ule wa kutoa mabonge ya kilo 25 yanayopakiwa kwa mkokoteni au kwa punda mpaka kwa boti za wavuvi, na nataka ufanye kazi ndani ya gemu vile unavyofanya kazi kweli. Gemu yenyewe ni Luanti, wengi mwaijua kwa jina lake la zamani Minetest, ilibadilishwa jina 2024, ni ya bure, ya kujengajenga kwa matofali ya mita moja kila upande, na yeyote anaeza kuiongezea vitu vyake kwa kuandika Lua, lugha ya programu. Niliichagua manake inaenda hata kwa laptopu kuukuu kama hii yangu, na kwa simu pia, na hapa Langoni, Lamu, watoto wengi wanachezea simu.

Mashine ya kwanza nlimaliza kwa siku mbili. Sanduku la chuma, unatia ndoo ya maji huku, makaa huku, wangoja sekunde kumi, barafu hiyo. Ndivo mashine nyingi za modi, yaani hizo nyongeza za gemu, zilivyo, kitu chaingia kitu chatoka, na rangi ya sanduku ndiyo inayokwambia hii ni tanuri na ile ni kinu. Nikampelekea ami. Ami yangu amekuwa fundi wa mitambo ya barafu tangu ujana wake, mikono yake mpaka leo ina alama za kuungua na amonia, ile gesi ya kupozea, kwa hivo nlimuonyesha nikitaraji atafurahi. Akaangalia kimya, akairudisha laptopu juu ya mkeka, akauliza, "Sasa hilo joto laenda wapi?"

Nikamwambia ami hii ni mashine ya baridi, haina joto.

"Mwanangu, baridi haitengenezwi. Mtambo hautii baridi kwenye mai, watoa joto ukalitupa mahali pengine. Kama hujui walitupa wapi, huna mtambo."

Nlilala na hilo swali, na asubuhi nikafuta kila kitu nikaanza upya.

Juma lile lile akanichukua tukavuka bara kuangalia mtambo mmoja wa zamani, wa amonia, wa tangi la maji ya chumvi, ile aina ambayo makopo ya bati yanazamishwa safu kwa safu mpaka yagande. Nlidhani atanipeleka moja kwa moja kwa kompresa, ile mashine ya kubana mvuke, manake ndiyo inayopiga kelele, ina gurudumu zito na mikanda, ukisimama karibu kifua chatetemeka. Hakuishughulikia. Alinipeleka kwa mabomba. Bomba linalotoka kompresa akaniambia weka mkono, nikaweka nikauondoa hapo hapo, halikamatiki. Kisha akanipeleka kwa lile linaloingia, na hilo lilikuwa jeupe, limevaa theluji nyembamba kama unga wa ngano uliomwagika, yenye vijisindano ukiisogelea vizuri, na ilikuwa imekoma kama shubiri moja kabla ya kufika kompresa. Ami akaweka kidole pale ilipokomea. Akasema geji yaweza kukudanganya lakini huu mstari haudanganyi, ukirudi nyuma ujue amonia haitoshi tangini, ukisogea mbele ukapanda mpaka kwenye mwili wa kompresa basi kimbia ukafunge valvu, manake kinachokuja si mvuke tena ni amonia ya maji, na maji hayabanwi, yatavunja sahani za valvu na pengine pistoni yenyewe.

Huo mstari mweupe ndio ulionifunza zaidi ya kitu chochote nlichosoma.

Kwa wale ambao hawajawahi kuona mambo haya, yaendavyo ni hivi. Amonia ikiwa wazi hewani inachemka kwenye nyuzi -33, yaani baridi ambayo sisi watu wa pwani hatujawahi kuionja. Lakini kiwango hicho cha kuchemka chategemea presha. Ukiibana iwe kwenye presha ya bar 2.4 hivi inachemka karibu na -15, na kila kinachochemka chanywa joto, kwa hivo koili za amonia zikiwa ndani ya tangi la maji ya chumvi amonia inachemka ikilinyang'anya tangi joto lake. Maji ya chumvi hayagandi kwa baridi hiyo, ndiyo sababu ya kutiwa chumvi, lakini maji tamu yaliyo ndani ya makopo yanaganda. Ule mvuke kompresa inauvuta inaubana mpaka bar 13 au 14, na kwenye presha hiyo amonia inarudi kuwa maji hata kwenye nyuzi 35, kwa hivo maji ya kisima ya nyuzi 28 yakipita kwenye kondensa, pale mvuke unapopozwa, yanatosha kulipokea lile joto lote. Kisha amonia inapita kwenye valvu ndogo, presha inashuka, inarudi tangini kuanza tena. Mimi nikiwaelezea watoto nawaambia amonia ni punda. Anapakia joto tangini, anapanda nalo, analitua kondensa, anarudi mtupu kuchukua jingine, na kompresa ndiye mwenye kumswaga.

Sasa ndani ya modi joto limekuwa mzigo unaohesabiwa. Kila kipande cha mtambo kina nambari yake ya joto imeandikwa ndani, na hakuna joto linalopotea hivihivi, ni lazima lihamie kipande cha jirani, au maji, au hewa. Hili jambo dogo limebadilisha kila kitu. Wapwa zangu walijenga mtambo wao wa kwanza ndani ya pango, wakaufunika kila upande ili usionekane, barafu ikatoka kidogo halafu ikakatika, kompresa inazima yenyewe kila baada ya dakika, wakaja kwangu wakisema modi imeharibika. Modi haikuharibika. Kondensa ilikuwa inatupa joto ndani ya chumba kisicho na pa kutokea, chumba kikachemka, presha ikapanda, swichi ya usalama ikakata. Sikuwaambia. Nliwauliza tu lile swali la ami, na yule mdogo wa miaka kumi ndiye aliyechukua sululu akatoboa ukuta mpaka baharini.

Hesabu nazo nataka ziwe za kweli. Kilo moja ya maji kuiteremsha kutoka nyuzi 28 mpaka 0 unatoa joto la kilojuli 118 hivi, ikifika 0 bado haijaganda, kuigandisha tu hapo hapo ilipo ni 334 zaidi, na kuishusha mpaka -8 ni kama 17. Jumla karibu 470. Angalia hiyo 334, yaani kazi kubwa yote iko pale ambapo kipimajoto hakisongi, mtu anaeza kudhani mtambo umelala. Bonge la kilo 25 kwa hivo lina joto la kama uniti tatu na robo za stima la kuondolewa. Lakini huulipi uniti tatu, manake kompresa haitengenezi hilo joto inalihamisha tu, mtambo wangu nimeupa uwezo wa kuhamisha mara 2.5 ya umeme unaokula, kwa hivo bonge moja linakula uniti 1.3 hivi. Mtu yeyote anayenunua tokeni nyumbani anaelewa hapo bila kufafanuliwa. Na kondensa ikishika magadi ya maji ya kisima ile 2.5 inateremka polepole, mpaka mchezaji akaisugue.

Muda nao. Barafu inaganda kutoka kuta za kopo kuelekea katikati, na ile iliyokwisha kuganda inageuka kuwa blanketi inayozuia joto la katikati lisitoke, kwa hivo unene ukizidi mara mbili muda hauzidi mara mbili, unazidi mara nne. Kopo la unene wa sentimita 15 kwenye tangi la -9 linachukua kama saa 15. Siku ya Luanti usipobadilisha mipangilio inaenda mara 72 kuliko siku yetu, yaani saa 24 ni dakika 20, kwa hivo hizo saa 15 ni dakika 12 na nusu za kungoja. Watu wameniambia dakika 12 ni nyingi kwa gemu. Mimi naona zinatosha kabisa, manake mwenye haraka anaeza kutumia makopo membamba akapata mabonge madogo upesi, na hilo ndilo chaguo la kweli ambalo mwenye kiwanda analo, siyo kubonyeza kitufe cha kuharakisha.

Kwa upande wa skripti kilichoniokoa ni taima za nodi, nodi ni lile tofali moja la gemu. Mchezaji akienda mbali sehemu ile ya ramani inalazwa, akirudi taima inaamka na kusema zimepita sekunde kadhaa tangu niwashwe, ukachukua hizo sekunde ukafanya hesabu yote kwa mpigo mmoja. Kwa hivo mtambo unaendelea hata hupo, na barafu uliyoiacha juani inayeyuka hata hupo. Hii ya kuyeyuka nliipigania. Kwenye ghala la barafu kuta nimezipa hesabu ya kupitisha joto, jiwe la matumbawe linapitisha zaidi, mbao na pumba za mbao zinapitisha kidogo, na mlango ukiachwa wazi ghala lote linaanza kutoa machozi.

Maji yalinisumbua kuliko vyote. Maji ya gemu ukiweka ndoo mbili karibu yanajizalisha, hayaishi. Mtu wa Lamu huwezi kumuonyesha hivo. Sisi maji yetu tamu yanatoka chini ya michanga ya Shela, mvua inanyesha juu ya mafungu ya mchanga, inachujika inashuka chini inakaa juu ya maji ya bahari, visima vinachota pale, na ukivuta kupita kiasi maji yanaanza kuja na chumvi. Basi kwenye modi nimetengeneza maji ya kisima yasiyojizalisha, na nodi ya mchanga inayohesabu mvua iliyonyesha juu yake na maji uliyoyavuta, ukizidisha chumvi inapanda. Na maji yenye chumvi ukiyatia koponi yanachelewa kuganda na bonge linatoka jeupe, laini, linavunjika njiani. Hata maji mazuri yakiganda yanasukuma uchafu wake katikati, ndiyo sababu viwandani wanapuliza hewa ndani ya kopo ili yasitulie, na mwishoni wanayafyonza yale maji machafu ya katikati na kutia mengine. Nimeweka kipulizia. Bonge la mwenye kipulizia linaangaza kama kioo.

Sasa lile la theluji kwenye bomba. Mashine nyingi za gemu ukizibonyeza zinafungua dirisha lenye mishale na asilimia. Mimi nimeamua mtambo wangu hauna dirisha hata moja. Bomba la kuvuta lina picha tano, kavu, umande, theluji nyembamba, theluji nene, na ile ya hatari iliyopanda mpaka kompresa, kila moja nimeichora kwa mkono kwa ule ukubwa wao wa pikseli 16 kwa 16, ya tatu pekee nliirudia siku nne manake ilikuwa inatoka kama chokaa ya ukutani. Bomba la moto lina mtetemo wa hewa juu yake. Na sauti, nlirekodi kwa simu, kompresa ikienda vizuri ina mdundo wake, ikianza kumeza maji inagonga, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha mlango kwa ufunguo. Tahadharini nyinyi mnaotengeneza modi, faili ya sauti ikiwa ya stereo gemu haijui ipunguze ukiwa mbali, seva nzima ilikuwa inasikia kompresa yangu mpaka nlipoigeuza iwe mono. Gurudumu nalo, nodi yenyewe haiwezi kuzunguka, kwa hivo gurudumu ni kiumbe kilichosimamishwa mbele ya nodi, kama vile ng'ombe wa gemu ni kiumbe, ila hiki kazi yake ni kuzunguka tu. Kwenye simu dhaifu nimeruhusu likae bila kuzunguka.

Juzi baada ya maghribi ami alipita. Nikampa simu, sikumweleza kitu, mtambo ulikuwa unaenda na mimi nlikuwa nimeifungua valvu kupita kiasi nikijaribu jambo jingine. Hajui kucheza, alikuwa anatembea akigonga kuta, lakini alipofika kwenye bomba la kuvuta akasimama. Akainama akaisogeza simu karibu na macho.

"Punguza hiyo valvu," akasema. "Theluji ishapita."

Nikapunguza. Tukakaa sote wawili tunaangalia, kahawa inapoa, mpaka ule mstari ukarudi nyuma pole pole. Kisha akauliza oili inatolewa wapi, manake kila kompresa inatupa oili kidogo pamoja na amonia na oili ni nzito kuliko amonia, inashuka inakaa chini ya koili, usipoitoa koili zinafunikwa ndani na baridi inapungua. Sikuwa nimeweka. Leo usiku ndiyo naanza, chungu kidogo chini ya tangi na valvu mbili, ya juu na ya chini, na ami amesema kwanza wafunga ya juu ndipo ufungue ya chini, pole pole, usimame upande unaotoka upepo.