Aliyevuta kamba

Leo siku ya nne, na kila nikiosha vyombo najikuta nambishia mama mkwe kichwani.

Februari 27 tulikwenda kama kawaida Makumbusho ya Maji Maji, kuwakumbuka wale zaidi ya 60 walionyongwa na Wajerumani hapa Songea siku hiyo mwaka 1906 wakafukiwa kaburi moja. Jioni tukawa kibarazani, mimi na mama, tunamenya karanga. Nikaropoka kwamba Rais Steinmeier wa Ujerumani alifanya la maana kuja 2023 kuwaombea Wajerumani msamaha, ingawa amezaliwa 1956. Nikaongeza kialimu-alimu: watu hufa, dola haifi, na arithiye ghala hurithi na deni.

Mama hakuinua uso. "Na nyie wa Tabora, mtakuja lini?"

Babu wa bibi yangu mnamjua, nilishamwandika humu: askari wa Mjerumani. Waliochoma mashamba na vihenge vya Wangoni wengi wao walikuwa weusi kama mimi, Wasudani, Wamanyema, Wanyamwezi. Na njaa ya baadaye iliua kuliko risasi.

"Mama, wale walikuwa wameajiriwa tu."

"Hata aliyevuta kamba alikuwa ameajiriwa." Akapeta ungo, maganda yakaruka, basi.

Ningesema nini? Kwamba Tanzania haikuwepo? Kwamba sisi hatuna rais wa kumtuma? Baba Neema anasema ni utani tu. Hakumwona usoni. Shangazi tumemzika Alhamisi, barua ya cheo nimeipata Ijumaa, na kote huko mimi niko na ile kamba.

Jana nikiwa ofisini nasahihisha madaftari nikakumbuka pikipiki ya shemeji. Alipomgonga mtoto wa watu, mama, ambaye hata baiskeli hajui, ndiye aliyetutangulia na mbuzi. Akakaa chini nje ya ua wa kina mtoto yule mpaka walipomwita ndani. Hakusema hakuwepo. Nikacheka peke yangu, mwalimu wa hesabu akanitazama. Kumbe kaniuliza kitu ambacho yeye alishakilipa.

Nimenunua doti ya kitenge. Jumapili nampelekea. Nitasema ni ya nini, bado sijajua. Pengine nitaiweka tu juu ya ungo.

Halafu Neema siku hizi anaisogelea televisheni mpaka pua iguse kioo. Miwani ya mtoto ni shilingi ngapi jamani?