Namba 486662
Jamani, leo nimekaa na RFC 7748 hadi chai ikapoa. Ni waraka wa kiufundi wa Januari 2016 uliotoka CFRG, kikundi cha wanahisabati na wahandisi ambao IETF, shirika linaloweka viwango vya intaneti, huwakimbilia linapotaka kujua kanuni ipi ya usimbaji fiche inafaa kwenye intaneti.

Kilichonishika ni kiambatisho. Humo wameweka programu fupi inayoonyesha jinsi namba 486662 ya Curve25519 (mkunjo wa kihisabati unaotumika kupatanisha funguo za siri) ilivyopatikana: ni ndogo kuliko zote zinazotimiza masharti ya usalama yaliyoandikwa papo hapo. Nimeiendesha kwenye kompyuta yangu, ikatoa 486662 ileile. Raha yake!

Kwa nini wajisumbue hivyo? Nyaraka za siri za ujasusi wa Marekani alizovujisha Edward Snowden 2013 zilitia watu shaka kubwa kwamba kuna mlango wa siri kwenye Dual_EC_DRBG, kanuni ya kuzalisha namba nasibu iliyokuwa kwenye viwango vya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani. Ikaja kuondolewa. Na mikunjo ya zamani ya NIST ilitokana na mbegu (namba za kuanzia) ambazo hakuna aliyeeleza zilikotoka. Kundi la IETF linalosimamia TLS, itifaki inayolinda mawasiliano ya tovuti, likaiomba CFRG ipendekeze mipya. Wakabishana weee (mimi ningeshakimbia), mwisho wakatoka na miwili: Curve25519 ya Daniel J. Bernstein, na Curve448 ya Mike Hamburg kwa anayetaka ulinzi mzito zaidi.

CFRG haina rungu, inashauri tu. Lakini TLS 1.3 ya 2018 imeichukua yote miwili, na ukifungua tovuti ya benki yako, huenda Curve25519 ndiyo inayopatanisha funguo.