Kumbukumbu ya mradi wangu: kuzifanya ioni changamano za fedha zionekane

Shaba ikikutana na amonia hutoa buluu iliyokolea ambayo mwanafunzi haisahau, lakini madini ya fedha yakikutana nayo hayampi mtazamaji rangi yoyote. Ioni ya fedha, Ag⁺, imejaza nafasi zote 10 za obiti ya 4d (moja ya maskani ya elektroni katika atomu), hivyo hakuna nafasi ya elektroni kuhama ndani ya obiti hizo na kufyonza mwanga tunaouona, na mmumunyo wa [Ag(NH₃)₂]⁺, ioni changamano ambayo ndani yake fedha imeshikwa na molekuli mbili za amonia, haupambanuki na maji. Mradi huu, ninaoufanya hapa Mtwara katika kona ya maabara niliyoruhusiwa kuitumia baada ya masomo, unatafuta namna ya kuionyesha ioni hiyo kwa wanafunzi wasio na kifaa chochote cha kuchunguza fuwele.

Juni

Nimeanza na ngazi ya mashapo, yaani mfululizo wa chembe zisizoyeyuka zinazotokea na kutoweka katika mmumunyo, ambayo naiona kuwa somo bora kuliko mchoro wowote ubaoni. Matone ya nitrati ya fedha yakiingia katika maji ya chumvi, kloridi ya fedha hutokea papo hapo, nyeupe na yenye mabonge kama maziwa yaliyoganda. Ukiongeza amonia, weupe wote unatoweka. Ukitia bromidi ya potasiamu, mashapo yanarudi yakiwa na umanjano hafifu. Thiosalfeti ya sodiamu inayayeyusha. Na iodidi ya potasiamu inaiondoa fedha tena katika mmumunyo, safari hii ikiwa njano bayana. Katika neli moja ya kioo, fedha imehama kutoka mshirika mmoja hadi mwingine, na kila mara imekwenda kwa yule anayeishika kwa nguvu zaidi.

Hesabu inakubaliana na macho. Kigezo cha umumunyifu (kikiwa kidogo, chumvi huyeyuka kwa shida) cha kloridi ya fedha ni takribani 1.8 × 10⁻¹⁰, cha bromidi 5.4 × 10⁻¹³, na cha iodidi 8.5 × 10⁻¹⁷, wakati kigezo cha uthabiti (kikiwa kikubwa, fedha imeshikwa kwa nguvu) cha ioni ya fedha na amonia ni takribani 1.7 × 10⁷ na cha fedha na thiosalfeti hukaribia 3 × 10¹³. Nimekokotoa kwamba lita moja ya amonia yenye ukolezi wa moli 1 kwa lita inaweza kuyeyusha karibu moli 0.05 za kloridi, ilhali za bromidi hazifiki hata 0.004, na tofauti hiyo ndiyo inayofanya thiosalfeti ihitajike. Ni kazi ileile iliyofanywa na wapiga picha wa filamu tangu karne ya 19, walipoosha chumvi ya fedha ambayo haikuguswa na mwanga.

Chumvi ninayoitumia ni ya mawe, kutoka mashamba ya chumvi ya Lindi. Kwa kuwa imetokana na bahari, ina magnesiamu ndani yake, na magnesiamu ikikutana na amonia huweza kuleta ukungu mweupe wa haidroksidi ambao mtu angeudhani ni kloridi iliyokataa kuyeyuka. Kwa sababu hiyo nayaacha mashapo yatulie, namwaga maji ya juu, kisha nayasuuza kwa maji yaliyokenekwa kabla ya kutia amonia. Yote haya hufanyika mbali na dirisha, maana jua la Mtwara huigeuza kloridi ya fedha kuwa ya zambarau yenye kijivu kwa muda mfupi sana.

Naomba kila atakayejaribu alizingatie hili: mmumunyo wa fedha na amonia hauwekwi akiba hata kidogo, kwa sababu ukikaa unaweza kujenga masalia meusi yanayolipuka kwa kuguswa tu. Kazi ikiisha, utiwe asidi ya haidrokloriki papo hapo ili fedha irudi kuwa kloridi, ambayo hukusanywa katika chupa ya kahawia.

Agosti

Sasa nimeingia katika umbo la ioni hizi, nikilionyesha kwa mifano ya mbao. Fundi mchongaji wa Kimakonde amenichongea vigololi vya mpingo kuwa atomu za fedha, na vya mti mweupe kuwa nitrojeni, na tumekubaliana kwamba sentimita 2 zisimame badala ya pikomita 100. Katika [Ag(NH₃)₂]⁺ umbali kati ya fedha na nitrojeni ni takribani pikomita 210, kwa hiyo waya una urefu wa sentimita 4.2 kutoka kitovu hadi kitovu, na matundu mawili ya mpingo yanatazamana katika mstari ulionyooka, digrii 180. Fedha huweza kushikwa na atomu tatu au nne, lakini mstari huu wa wawili ndio unaoipa tabia yake.

Mfano wa sianidi ya fedha umekamilika nao: mnyororo ulionyooka wa fedha, kaboni na nitrojeni unaojirudia. Sianidi yenyewe sitaigusa, kwa kuwa ni sumu kali, na mbao zinatosha. Thayosianati ya fedha, ambayo ina salfa pia, ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu mnyororo wake kwenye salfa hupinda kwa zaidi kidogo ya digrii 100 na mnyororo mzima unakwenda msumeno. Fundi ameomba kipimo kamili cha pembe kabla ya kutoboa salfa, nami ninamtengenezea kigezo cha bati ili matundu yote yalingane.