Jora la Marekani

Jana usiku binti yangu aliniletea kazi ya shule juu ya Sheria ya Kansas na Nebraska ya mwaka 1854 huku Marekani, ile iliyoufuta mpaka wa utumwa uliowekwa mwaka 1820 na kuwaachia walowezi wapige kura wenyewe kama utumwa uingie katika ardhi yao au usiingie. Ramani alikuwa amekwisha kuichora, Kaskazini isiyo na utumwa buluu na Kusini yenye utumwa nyekundu, na alichotaka kwangu kilikuwa kitu kimoja tu: "Mama, sisi tungekuwa upande gani?" Nilitaka kumjibu upesi, lakini nikamkumbuka Bi Mkubwa, mama yangu, siku ile tuliyokwenda Lowell, mji wa viwanda vya nguo, jibu likanikwama.

Ilikuwa ziara yake ya mwisho huku Massachusetts. Mvua ilinyesha, naye amechoka kukaa ndani. Mengine ya safari ile yamenitoka. Nakumbuka chumba cha kufumia katika kiwanda cha zamani cha Boott, ambacho sasa ni makumbusho: mashine zimepangwa safu kwa safu, baadhi zikifanya kazi, kelele zake zikipenya mpaka kifuani na sakafu ikitetemeka chini ya nyayo. Tulipotoka pale, kijana aliyekuwa akituongoza alimpa Bi Mkubwa kipande cha kitambaa cha pamba kisichopaushwa, chenye rangi ya maziwa yaliyochemka. Alikishika kwa ncha za vidole, akakisugua, akakivuta kwa ulalo kama wafanyavyo wanawake wa kwetu dukani wanapopima kama nguo italegea ikifuliwa, kisha akakipeleka puani na kukaa nacho hapo muda mrefu, amefumba macho.

"Hii marekani," akasema. "Ndiyo sanda tuliyomvika bibi yako."

Nilimweleza yule kijana kwamba kwetu kitambaa cha namna ile kina jina la nchi yake, kwa kuwa wenye meli wa Salem, bandari ya huko huko Massachusetts, walikuwa wakikileta Unguja katika miaka ya 1830, baada ya Sayyid Said kutia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Walichukua pembe za ndovu na sandarusi, wakatuachia majora. Alifurahi sana kusikia hayo. Bi Mkubwa akanigusa mkono: "Mwanangu, muulize pamba yake ilichumwa na nani."

Kijana hakusitasita. Alisema ilichumwa na watumwa wa Kusini, na kwamba viwanda vya Lowell vilifuma pia nguo nzito, duni, za kuwauzia wenye mashamba wawavike watumwa hao hao, nao watumwa wakaiita nguo ile Lowell. Nilitafsiri polepole, nikihisi aibu ambayo sikujua ni ya nani. Ramani ya binti yangu haiwezi kuonyesha jambo hilo, kwamba buluu na nyekundu zilishonwa kwa uzi mmoja. Mwaka 1848 Charles Sumner, mtu wa Massachusetts, alilaani hadharani muungano wa mabwana wa mjeledi na mabwana wa mashine za kufumia, na waliokuwa wakisemwa walikuwa matajiri wa jimbo lake mwenyewe, waliotaka amani na Kusini ili pamba isikatike. Wengi wao hawakugutuka mpaka Juni 1854, siku 3 tu baada ya sheria ile ya Kansas kutiwa saini, Anthony Burns aliyetoroka utumwani Virginia alipopitishwa katika mitaa ya Boston katikati ya askari kwenda kurudishwa kwa bwana wake. Amos Lawrence, ambaye utajiri wa ukoo wake ulitoka katika nguo, aliandika kwamba walikwenda kulala wakiwa wapenda suluhu, wakaamka wapinga utumwa kwelikweli. Nafurahi kwamba waliamka. Ila sijaacha kujiuliza imekuwaje usingizi ukawa mrefu vile.

Bi Mkubwa alikuwa bado ameshika kile kitambaa. Tulikuwa tumefika mlangoni, mvua imepungua, aliposema bila kunitazama, "Na karafuu zetu?"

Sikumwelewa, au nilijifanya sikumwelewa. Akaendelea kwa sauti ya chini. Babu yake aliikuta mikarafuu ya shamba lao la Pemba imeshakua, minene, ya kupandia ngazi. Tufani ya mwaka 1872 iliyoiangusha mikarafuu ya Unguja haikuigusa ile. Utumwa ulikuja kufutwa kwetu mwaka 1897. "Ilipandwa na nani, basi? Na hayo majora waliyoshusha Wazungu, si ndiyo yaliyobebwa bara kununulia watu?" Nikamwambia, twende Mama, utalowa. Akakikunja kitambaa mara mbili, mara nne, akamrudishia kijana kwa mikono miwili.

Hatukulizungumza tena jambo lile. Mwaka uliofuata alifariki Wete, nami sikuwahi kumvika sanda.

Binti yangu alisubiri jibu na kalamu mkononi mpaka chai ikapoa. Nilimwambia aache nafasi ile wazi kwanza, na Jumamosi tutampigia mjomba wake, amuulize mwenyewe habari za shamba.