"Nipo Magomeni": safari yangu ya yoga kutoka Kimara mpaka Upanga, nikaishia Feri

Kwanza niseme ukweli, na mtaona huko mbele kwa nini naanza na neno hilo. Mi sikwenda yoga kutafuta mambo ya roho wala nini, nilienda kwa sababu ya mgongo. Kazi yangu ni kutoa mizigo ya watu bandarini, yaani siku nzima umekaa kwenye kiti umejikunja kama kamba wa kukaanga, simu begani, makaratasi mkononi, jioni ukisimama kiuno kinalia. Dada mmoja wa uhasibu pale ofisini akaniona navojinyoosha kwa kushika ukuta akaniambia kaka yangu utakufa, twende Jumamosi Upanga, kuna bibi mmoja anafundisha yoga, mnaacha mchango kidogo kwenye bakuli basi.

Nikamwambia mama. Mama ni mtu wa kanisa hasa, akaniangalia kwa jicho lile. "Si ndio ibada ya Wahindi hiyo?" Nikamwambia hamna mama, mazoezi tu ya viungo. Akanyamaza kidogo, akasema basi kama unaenda mjini pitia soko la Feri uniletee samaki changu.

Darasa lilikuwa saa mbili asubuhi. Tulipatana tukutane kituo cha Fire saa mbili kasoro robo tuingie Upanga pamoja kwa miguu. Mi nikaamka saa moja kasoro, nikaoga maji ya kujirushia tu, nikakimbia Kimara Mwisho kupanda mwendokasi, nimesimama mlangoni kwenye mkunjo wa lile basi refu, begi mgongoni, kwapa la jamaa usoni. Tunaingia Korogwe meseji inaingia: "upo wapi". Na mimi bila hata kufikiria, kidole kinajua kazi yake, nikaandika "nipo magomeni hapa". Korogwe na Magomeni! Kuna Ubungo yote katikati, kuna Shekilango, Manzese, ndo uje uione Magomeni. Akajibu "mi nshafika fire nakusubiri, fanya fasta".

Basi nikakaa na kaaibu fulani hivi, si kakubwa, kale ka kawaida ambako mtu wa Dar anaishi nako kama vumbi. Tumefika Fire, nashuka mlango wa kati, nageuka kushoto, namuona dada wa uhasibu anashuka mlango wa nyuma. Basi lilelile! Kapandia Ubungo, mi nimesimama mita nne mbele yake muda wote, yeye kashafika Fire na mimi nipo Magomeni. Tukatazamana. Akasema "twende bwana tumechelewa" na hatukuongelea tena mpaka tunavuka barabara.

Ukumbi wenyewe ni chini ya ghorofa la zamani, yale ya Upanga yenye vibaraza na feni za dari zinazotetemeka utadhani zinaanguka. Viatu nje. Nilitegemea zile mati za rangi za kwenye picha, zilikuwepo tatu nne, wengine wote mkeka wa ukili kama wa msibani. Watu kama kumi na tano, kuna wababa, kuna dada amevaa hijabu, kuna kaka mmoja Msukuma kifua kama mlango. Na mwalimu ni bibi wa Kihindi mwembamba, nywele nyeupe zote, kazaliwa Kisutu, Kiswahili chake ni cha Kariakoo kabisa, anakuita mwanangu na hapohapo anakugombeza. Wote wanamuita Bibi, na mi nikamwamkia shikamoo Bibi, akaitikia marahaba mwanangu, umechelewa.

Sasa nikajua tunaanza kujipinda. Wapi! Nusu saa nzima tumekaa chini tunamsikiliza.

Akaanza na neno lenyewe. Akasema yoga inatokana na neno la Kisanskriti, yuj, kuunganisha, kufunga pamoja, na kwamba ukitaka picha yake fikiria nira, ile miti wanayofungwa ng'ombe wawili walime. Wengi tukawa tunatikisa vichwa tu ila yule Msukuma ndo alielewa kwelikweli, akasema Bibi kwetu ukifunga ng'ombe mmoja mkubwa mmoja ndama, mstari unapinda. Bibi akafurahi huyo! Akasema ndiyo hivyo hivyo, mwili ng'ombe, akili ng'ombe, wewe mwenyewe siku zote mmoja anavuta kwenda sokoni mwingine anavuta kwenda nyumbani.

Halafu akainua mkono wa kulia. Alituambia kuna mtu wa zamani anaitwa Patanjali aliyekusanya mafundisho ya yoga kwenye misemo mifupi mifupi, sutra, zipo 196, wengine wanahesabu 195, na humo ndani zinazoongelea mikao ya mwili ni tatu tu. Tatu! Na zenyewe hazitaji hata mkao mmoja kwa jina, zinasema mkao uwe imara na uwe wa raha, basi. Kazi ya mkao ilikuwa mtu aweze kukaa muda mrefu akili itulie. Safari nzima ina viungo nane, akasema, na mikao ni kiungo cha tatu. Cha kwanza kinaitwa yama, cha pili niyama. "Nyie wote mmekuja mnaanzia cha tatu, kama mtu anaezeka bati hajajenga ukuta."

Vidole vitano vya mkono wa kulia ndo yama, mambo yako na watu wengine. Ahimsa, kutodhuru. Satya, ukweli. Asteya, kutoiba, na humo kaingiza kuiba muda wa mtu, hapo nikaangalia mkeka. Brahmacharya, kuzuia tamaa za mwili. Aparigraha, kutolimbikiza. Anasema hivi vitano hata Wajaini, wale wa dini nyingine ya kale ya India, wanavyo, ndo viapo vyao vikuu. Mkono wa kushoto niyama, mambo yako mwenyewe: usafi, kuridhika, kujitesa kidogo kwa nidhamu, kujisoma, na kujikabidhi kwa Mungu. Vya kushoto alivipitia haraka, na mi nitavipitia haraka, kwa sababu kilichotukuta ni kidole cha pili cha mkono wa kulia.

Alituuliza hivi: tangu mmeamka leo mmeshadanganya mara ngapi? Msinijibu, hesabuni wenyewe. Halafu akasema "nyie watu wa Dar mna uongo mmoja mtamu sana, unaitwa nipo njiani."

Wallahi dada wa uhasibu alicheka mpaka akatoka nje. Bibi akauliza ana nini huyo, mi nikasema anaumwa tumbo, na huo ukawa uongo wa pili ndani ya saa moja, mbele ya mwalimu wa ukweli, nimekaa mkao wa raha.

Ila kuna kitu alisema kimenikaa. Kuna jamaa wa zamani anaitwa Vyasa aliyezifafanua zile sutra, alitoa mfano wa mvuvi, mtu anayesema mimi sidhuru kiumbe chochote isipokuwa samaki, sababu ndo kazi yangu. Kiapo chake kina mpaka. Mwingine anasema sidhuru siku fulani takatifu tu, mwingine sidhuru mahali fulani patakatifu tu. Patanjali anasema kiapo kikubwa ni kile kisicho na isipokuwa. Mi nikawaza kazi yangu. Mteja akipiga simu tunamwambia mzigo uko hatua za mwisho mkuu, hata kama kontena hata halijashuka melini. Ukiniuliza mi muongo nitakukatalia na nitakasirika, maana ile naihesabu kazini. Isipokuwa.

Dada mwenye hijabu akauliza swali ambalo nusu yetu tulikuwa tumelikalia. Bibi, hii ni dini? Nilipenda alivyojibu, hakuzungusha. Akasema imezaliwa ndani ya Uhindu, siwezi kukuficha, mimi nasali nyumbani kwangu na sanamu zangu zipo, lakini hapa sijaja kukubadilisha, Mola wako unamjua wewe, ukifika kwenye kujikabidhi jikabidhi kwake. Na kama kuna kitu moyo wako unakataa, acha, kukulazimisha nako ni kukudhuru. Walipoimba Om, ile sauti takatifu ya Wahindu, mi nilikaa kimya, dada wa hijabu alikaa kimya, hakuna aliyetuangalia. Binafsi naona wanaosema yoga ni mazoezi tu hawana tofauti na mimi nilivyomwambia mama, wanakata kichwa na mkia wa samaki wanabaki wanasema hiki ni kipande cha nyama. Na wanaosema ukinyoosha mguu umeshaingizwa dini na wenyewe wanakuza mambo. Sasa hivi siku ya yoga ya kimataifa ni tarehe 21 Juni, Umoja wa Mataifa waliipitisha Desemba 2014, watu wanajaa uwanjani wanapiga picha, siku hiyo sijui ni wangapi wanaambiwa habari za vidole.

Mikao yenyewe sina mengi ya kusema. Nilitetemeka. Mgongo ulilia halafu ukanyamaza. Mwisho kuna mkao wanalala chali kama maiti, na jina lake kweli ni mkao wa maiti, shavasana, nimelala pale nimefumba macho nikasikia mbu. Mbu wa Upanga ana sauti ya bodaboda. Akatua mkononi, karibu na kiwiko, nikafungua jicho moja nikamuona anachagua pa kuchoma, na mkono wa pili ushainuka wenyewe tayari. Ukabaki hewani. Ahimsa. Nikamuangalia tumbo linavyojaa damu yangu, nikaona hapana mwanangu, nikampuliza tu, akaondoka mzito mzito. Baadaye nikagundua kona ya ukumbi Bibi kawasha dawa ya mbu ile ya kuzunguka. Nikamuuliza, Bibi hii siyo himsa, yaani kudhuru? Akasema "ile nawafukuza. Na malaria nishaumwa, usiniletee utakatifu wa wiki ya kwanza."

Tulitoka saa nne. Dada akapanda bajaji, mi nikashuka kwa miguu, nikapita Kisutu kwenye mahekalu, harufu ya udi na maua inakutana na ya chapati za mgahawa wa jirani, nikakatiza mpaka Samora, jua limeshakuwa kali, nikatokea Kivukoni.

Feri ni Feri. Mnada ulishapoa lakini bado kelele, maji yanateleza chini, vibua wamepangwa mafungu, pweza ananing'inia. Nikachagua changu watatu macho yakiwa bado yanang'aa, nikampelekea kijana wa kupara. Kisu kinapita kutoka mkiani kwenda kichwani, magamba yanaruka kama vipande vya kioo, moja likanigandia kwenye shavu. Nikamkumbuka mvuvi wa Vyasa. Nikaona nilipe tu, mama anasubiri, mi siyo wa kiapo kikubwa.

Simu ikaita. Mama. "Umefika wapi?"

Mdomo ulishafunguka, neno Jangwani lilikuwa hapa kwenye ulimi, nahisi hata "mama nipo" ilishatoka. Nikameza.

"Mama nipo Feri bado. Ndo kwanza wanapara samaki. Mpaka nifike Kimara weka saa moja na nusu."

Kimya. Nikadhani simu imekata.

"Unaumwa?"

"Siumwi mama."

"Haya, ngoja niepue sufuria basi, mkaa unaungua bure." Nikamsikia anaburuza kitu, kifuniko kikaanguka. "Na hayo mazoezi yako yakoje?"

"Siyo mazoezi tu mama. Nikifika nitakueleza."

"Njoo na samaki kwanza," akakata.