Mkia wa gitaa langu: nimebadili mawazo mara tatu

Gundi ya shingo ya gitaa la umeme ninalojitengenezea imekauka, klampu nimezifungua, na limebaki swali nililokuwa nalikwepa tangu siku ya kwanza: kule nyuma nyuzi zitashikwa na nini? Kile kipande cha chuma kinachokamata ncha za nyuzi nyuma ya daraja (kile kiegemeo cha nyuzi juu ya mwili wa gitaa) kuna wanaokiita telipisi. Mimi nimezoea kukiita mkia, na humu kitabaki hivyo.

Nilidhani ni suala la sura tu, nichague kinachonipendeza nitoboe. Kumbe nusu ya uamuzi niliufanya bila kujua siku ile niliyochonga kiungo cha shingo. Shingo yangu imelala nyuma kwa nyuzi 4. (Nyuzi za pembe, siyo za kupiga. Kuanzia hapa nitasema digrii, la sivyo tutachanganyikiwa sote.) Kwa digrii hizo 4, nikinyoosha rula juu ya fretu, vile vichuma vilivyokatiza shingo, hadi mahali pa daraja, ncha yake inaelea karibu milimita 17 juu ya mbao. Madaraja bapa, yale ya kulala kwenye bodi, yaani mwili wa gitaa, kama la gitaa la Telecaster, yakajitoa yenyewe: ningepandisha vitandiko vinavyobeba nyuzi mpaka skurubu ziishe, na bado nyuzi zingegusa fretu.

Nilijifariji kwa historia. Gitaa za kwanza za Les Paul za kiwanda cha Gibson, mwaka 1952, zilikuja na mkia wa trapizi uliounganishwa na daraja lake, na shingo ilikuwa na pembe ndogo mno, kwa hiyo nyuzi zikapitishwa chini ya mwamba, ile fimbo nene ya chuma ya daraja, badala ya juu. Mpigaji akakosa pa kuegemeza kiganja anapotaka kuziba sauti. Mwishoni mwa 1953 ukaja mwamba mmoja mnene ambao nyuzi zinauzunguka, na mwaka 1954 Les Paul Custom ikatoka na daraja la Tune-o-matic, lenye kitandiko cha kusogezwa kwa kila uzi, na mkia ukawa kitu cha peke yake nyuma ya daraja. Kama kiwanda kizima kilipitia miundo mitatu, basi na mimi niachwe.

Moyo wangu ulikuwa kwenye trapizi. Inafungwa ubavuni, pale kwenye kitufe cha mkanda, na uso wa bodi haupati tundu hata moja. Uzuri wake mwingine ni kwamba unaweza kuijaribu kabla ya kujifunga. Nilichonga kibao cha kuinua daraja, nikakiweka bila gundi, nikavuta seti ya nyuzi za unene wa 10 hadi 46 (elfu za inchi) na kupiga jioni nzima.

Jambo la kwanza nililisikia nilipoacha kupiga. Nilizishika nyuzi zote kwa kiganja, na bado kitu kilikuwa kinalia, kama kengele ndogo chumba cha pili. Ni kile kipande kirefu cha nyuzi kati ya daraja na mkia. Kitambaa cha fulana kuukuu kilichopenyezwa katikati ya nyuzi kiliimaliza kengele, ila kilimaliza na urembo niliouchagulia trapizi.

La pili lilinifundisha zaidi. Kuvuta uzi wa tatu kando mpaka upande sauti nzima kulihitaji kuusukuma mbali kuliko nilivyozoea. Wengi husema mkia mrefu unakaza nyuzi. Siyo hivyo. Mkazo unaamuliwa na unene wa uzi, urefu wake kutoka kidaraja cha juu, kile cha karibu na kichwa, hadi daraja, na sauti unayotaka; mkia hauna neno hapo. Isipokuwa unapovuta, uzi unateleza kidogo juu ya daraja na ile sehemu ya nyuma nayo inanyooka, kwa hiyo kidole kinalipa mwendo wa uzi mzima.

Bado ningevumilia. Lakini nilipopiga kwa nguvu, uzi wa sita uliruka kutoka kwenye mfereji wake, na wa tano ukafuata. Trapizi yangu inazishika nyuzi juu juu, zinapita kwenye daraja karibu zimenyooka, hazina uzito wa kuligandamiza. Nikaifungua, nikairudisha kwenye boksi lake kwa masikitiko.

Bigsby, mkia wenye mkono wa kutetemesha sauti, sikuijadili sana. Aina yake ya B5 ingekaa kwenye bodi bapa kama yangu, ila ni chuma kizito na gitaa hili tayari linainamia upande wa kichwa. Mkono wa kutetemesha wa aina ya Stratocaster ndiyo kabisa: unataka shimo la springi lipite bodi nzima, na mimi na ruta yangu, ile mashine ya kuchimba mbao, hatujaaminiana kiasi hicho. Mwamba mmoja wa kuzungukwa ulinivutia kwa urahisi wake, vyuma viwili na kipande kimoja basi. Shida ni kurekebisha urefu wa kila uzi ili sauti zilingane: ule niliokuwa nao una skurubu mbili ndogo pembeni za kusogeza mwamba wote, kwa hiyo ukipatia uzi wa sita umeuharibu wa tatu.

Nikahamia kupitisha nyuzi ndani ya bodi hadi mgongoni, nyuma ya Tune-o-matic. Hapo nilikuwa na akili ya kujaribu kwanza kwenye kipande cha mkangazi kilichobaki. Matundu sita, drili ya mkono, mstari wa penseli. Kwa mbele yalipangana kama gwaride. Nikageuza mbao: meno ya bibi kizee. La tatu lilikuwa limekwenda kombo milimita 3 ndani ya unene wa sentimita nne na nusu tu. Mwenye drili ya kusimama mezani asiogope. Mimi nilifunga ukurasa huo.

Kwa hiyo umeshinda mkia wa kawaida kabisa, mwamba mfupi juu ya skurubu mbili nene, nyayo zake zimeachana milimita 82, na nimeuweka sentimita 4 nyuma ya daraja. Nilibandika tepu ya karatasi, nikapima mara tatu kutoka kwenye mstari wa katikati, nikatoboa, nikagonga bushi mbili, vile vikombe vya chuma vya kupokea skurubu, kwa nyundo ya mpira. Zikaingia vizuri, zimebana haswa. Nikasimama kuzitazama, na ndipo nikauona waya wa athi, ule wa kuunganisha mkia na umeme wa gitaa ili kuzima mngurumo, umelala mezani. Ulitakiwa uwe chini ya bushi kabla sijaigonga.

Usichomoe bushi kwa koleo, utapasua rangi. Nilidondosha kipande cha skurubu kilichokatwa ndani ya tundu lake, kisha nikafunga skurubu nene ya mkia kama kawaida. Inafika chini, inakikanyaga kile kipande, na kwa kuwa haina pa kwenda tena, kila mzunguko unaipandisha bushi taratibu. Ilitoka bila kukwaruza hata upepo. Kutoka kwenye shimo la umeme nikatoboa njia ya mshazari hadi kwenye tundu, nikapitisha waya, nikaumenya ncha, nikagonga upya. Kipimo cha umeme kikalia nilipogusa mwamba, na mngurumo wa amplifaya ukakatika.

Leo nimeweka nyuzi. Mkia nikiukandamiza hadi chini, nyuzi zinagusa ukingo wa nyuma wa daraja, kwa hiyo nimeupandisha mpaka karatasi ikapita katikati bila kukwama. Hakuna kengele tena. Ila kitandiko cha uzi wa tatu kimerudi nyuma hadi mwisho wa njia yake, na kwenye fretu ya 12 sauti bado iko juu kidogo. Kesho nakichomoa nikigeuze, ule ukingo wake wenye makali utazame nyuma, nione kama hiyo milimita moja itatosha.