Egregious si “mbaya sana” tu

Natafsiri ripoti za ukaguzi wa hesabu, na ripoti mpya ikinifikia, kabla sijaanza kazi hulitafuta kwanza neno la Kiingereza egregious. Nikilikuta, najua mkaguzi kachefukwa. Wakaguzi si watu wa kupandisha sauti kwenye maandishi. Wana “dosari” zao, wana “upungufu”, wana “kutozingatia taratibu”. Ukiona wamefika kwenye egregious, ujue maneno ya adabu yamewaishia.

Wengi hulitafsiri “mbaya sana”, wakaridhika. Mimi siridhiki. Tetemeko la ardhi ni baya sana, lakini huliiti egregious, maana hakuna wa kulaumiwa. Neno hili linataka mkosaji, tena linataka kosa lililo wazi hata aliyekuwepo asiweze kudai hakuliona. Mhasibu akigeuza tarakimu mbili kwa uchovu, hilo ni kosa la kawaida. Lakini hundi ikiandikwa kwa jina la kampuni ya mume wa mwidhinishaji mwenyewe, bila ankara, na watu watatu wakatia saini mmoja baada ya mwingine, hapo limepata mahali pake. Mimi huandika “kosa la kupindukia”, na mteja akiniachia uhuru kidogo, “kosa la mchana kweupe”.

Cha ajabu, lilianza kama sifa. Kwa Kilatini egregius ni aliyejitokeza nje ya kundi: ex ni nje ya, grex ni kundi la mifugo. Waitaliano mpaka leo hufungua barua rasmi kwa Egregio, kama sisi na “Mheshimiwa” yetu. Waingereza nao waliwahi kumsifu mtu kwa neno hilohilo, kisha likawageukia. Katika tamthilia ya Shakespeare, Cymbeline, Posthumus, akiamini kwamba mkewe ameuawa kwa amri yake, anajiita egregious murderer, muuaji wa kupindukia. Sifa hapo hakuna.

Siku hizi huambatana zaidi na matendo kuliko watu: error (kosa), violation (ukiukaji), conduct (mwenendo). Ni la mahakamani, la ripoti, la tahariri yenye hasira. Ukilitumia kwa rafiki aliyechelewa dakika kumi, atajua unamtania.

Mkazo uko kwenye silabi ya pili, i-GRII-jas. Ile g ya mwisho husomwa kama j.